Kompyuta inayozimika ikiachwa bila kazi: mwongozo kamili wa kulinganisha pawa saplai na usingizi wa prosesa

Ipe kompyuta hii video ya harusi ya saa tatu uihariri, haitikisiki. Iache imetulia, mwenyewe aende kuswali au kunywa chai, akirudi anaikuta imezimika kama iliyochomolewa ukutani. Anabadilishiwa RAM. Anawekewa Windows upya. Ananunua pawa saplai ya wati nyingi zaidi. Wiki haiishi, kompyuta imerudi kwa fundi na shida ile ile.

Wengi wanashindwa hapa kwa sababu wanaipima kompyuta ikiwa kazini, hali ugonjwa unatokea ikiwa imepumzika. Pawa saplai yenyewe haishindwi na mzigo mzito, inashindwa na mzigo mwepesi. Kuongeza wati hakuutibu ugonjwa huu, na pawa saplai kubwa ya muundo wa zamani huenda ikauzidisha, maana nayo inadai mzigo mkubwa zaidi ndipo itulie.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Multimita ya dijitali yenye kipimo cha volti 20 DC. Ikiwa na kitufe cha MIN/MAX, bora zaidi.
- Taa mbili ndogo za gari za 12V 5W, zile zinazomulika kibao cha namba nyuma ya gari, pamoja na soketi zake zenye nyaya. Zinapatikana duka lolote la spea.
- Kipande cha waya chenye plagi ya Molex ya pini 4 (ile ya zamani ya kulishia diski na feni), kilichokatwa kwenye feni au adapta mbovu.
- Simu mbili na nyaya zake za USB za kuchajia.
- Bisibisi ya nyota, brashi kavu ya kupakia rangi, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, na utepe wa umeme.
- Karatasi na kalamu. Usitegemee kukumbuka vipimo.

Pawa saplai ya pili, hata ya kuazima, itafaa mwishoni. Usianze nayo. Ukibadilisha kwanza na shida ikatoweka, hutajua kama umetibu usingizi wa prosesa au umebadilisha tu plagi iliyokuwa imelegea.

Onyo moja kabla ya lolote: pawa saplai yenyewe haifunguliwi. Kwa stima yetu ya volti 240, kapasita kubwa iliyomo ndani hubeba volti 340 au zaidi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Kila kipimo kilichomo katika mwongozo huu huchukuliwa nje ya sanduku lake.

## Usingizi upi tunaouzungumzia

Prosesa hailali mara moja tu usiku ukiingia. Inalala na kuamka mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, kioo kikiwa kinawaka na wewe unasoma barua pepe. Viwango vya usingizi huo vinaitwa C-state. C0 ni kuwa macho. C1 ni usingizi wa mang'amung'amu: saa ya ndani imesimama lakini ukiigusa imeshaamka. C6 na C7 ni usingizi wa pono. Kiini cha prosesa huhifadhi hali yake pembeni, kisha umeme wake hukatwa karibu wote.

Kilichobadilika ni kiasi cha umeme unaobaki. Mwongozo wa zamani wa kutengenezea pawa saplai uliwataka watengenezaji wakisie kwamba prosesa, hata ikilala, itaendelea kuvuta angalau ampea 0.5 kwenye njia yake ya 12V, yaani nyaya za pawa saplai zinazotoa volti 12. Hiyo ni wati 6. Mwaka 2013 Intel ilipotoa kizazi cha nne cha Core, kinachojulikana kama Haswell, kiwango hicho kilishuka hadi ampea 0.05, yaani wati 0.6. Vizazi vilivyofuata vimeendelea kulala hivyo hivyo.

Sasa angalia ndani ya pawa saplai ya bei nafuu. 12V na 5V hutoka kwenye transfoma moja, hupita kwenye koili moja kubwa, na hudhibitiwa kwa pamoja na chipu moja. Chipu hiyo haiwezi kurekebisha moja bila kuigusa nyingine. Mzigo wa 5V ukiwa mkubwa na wa 12V ukiwa karibu na sufuri, 5V inalegea. Chipu inasukuma zaidi kuiinua, na 12V isiyo na mzigo inapaa. Ikipaa vya kutosha, saketi ya kinga inaikata pawa saplai nzima. Kwa viwango vya ATX, yaani kanuni za pawa saplai za kawaida za kompyuta za mezani, kinga ya 12V inatakiwa ikate mahali fulani kati ya 13.4V na 15.6V. Mara nyingine haifiki huko: volti zinayumba kiasi cha kuigandisha kompyuta tu.

Pawa saplai za muundo mpya, aina ya DC-DC, hutengeneza 12V peke yake, kisha vibao vidogo vya ndani huitoa 5V na 3.3V kutoka humo humo kwenye 12V. Hata prosesa ikilala kabisa, mzigo wa 5V unabaki kuwa mzigo wa 12V. Hakuna kuvutana.

Hapo ndipo penye dawa: usitafute wati, tafuta muundo.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni huu

Kwenye Windows fungua Event Viewer, ingia «Windows Logs», kisha «System». Tafuta tukio namba 41 lenye chanzo Kernel-Power. Tukio hili halikuambii sababu. Linasema tu kwamba kompyuta ilikufa bila kuagana. Bonyeza «Details» usome BugcheckCode. Ikiwa 0, hakukuwa na skrini ya buluu iliyorekodiwa, jambo linaloelekeza kwenye umeme au kuganda kabisa. Ikiwa namba nyingine, anza na madereva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) na RAM, si hapa.

Andika saa za matukio yote ya 41 na mbele yake uandike kompyuta ilikuwa ikifanya nini. Unatafuta mojawapo ya ruwaza hizi:

- Inazimika au kuganda ikiwa imeachwa, si ikiwa kazini.
- Inazimika kama dakika 20 baada ya kuachwa. Mpangilio wa kawaida wa Windows husimamisha diski ya kuzunguka baada ya dakika 20, na mota ya diski hiyo ndiyo iliyokuwa ikiipa 12V mzigo.
- Ilianza baada ya diski ya kuzunguka kutolewa na kuwekwa SSD.
- Inazimika zaidi watu wanapochajia simu kwenye USB.

Hizo mbili za mwisho zinastahili kuelezwa, maana ndizo zinazowapoteza wengi. Diski kubwa ya inchi 3.5 huzungushwa na mota ya 12V. SSD ya SATA hula 5V. Kwa hiyo kuboresha huko kumefanya mambo mawili kwa mpigo: kumeondoa mzigo kwenye 12V na kuongeza kwenye 5V. Simu zinazochajiwa nazo zinavuta 5V. Saiba yenye SSD mpya na wateja wanaochomeka simu mbele ya kompyuta imetengeneza, bila kujua, jaribio gumu kabisa kwa pawa saplai ya zamani.

Ikiwa kompyuta inazimika kazini pekee, acha mwongozo huu. Angalia joto na uwezo wa wati.

## Hatua ya 2: Iondoe stima na UPS kwenye orodha ya washukiwa

Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, bila UPS wala ekstensheni. Kwenye soketi ya jirani washa taa ya meza. Kompyuta ikizimika na taa ikapepesa wakati huo huo, shida iko kwenye stima ya nyumba.

UPS ina mtego wake. Baadhi ya modeli zina mpangilio wa kuokoa betri unaozizima zenyewe mzigo ukiwa mdogo sana zikiwa kwenye betri. Kompyuta iliyolala usingizi mzito huonekana kwake kama kitu kilichozimwa. Dalili zinafanana kabisa na za pawa saplai mbovu, na tofauti utaiona kwa kuitoa UPS tu.

## Hatua ya 3: Safisha plagi ya prosesa

Fundi wa bara anaweza kuiruka hatua hii. Wa Mombasa asithubutu. Hewa ya bahari hupeleka chumvi na unyevu hadi ndani ya sanduku la kompyuta, na nyumba zinazoelekea bahari kuanzia Likoni hadi Bamburi huliona hilo kwenye kila chuma. Pini yenye kutu hupitisha umeme kwa kuruka ruka.

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Chomoa plagi ya pini 4 au 8 yenye nyaya za manjano na nyeusi pekee, iliyo karibu na prosesa, kisha ile kubwa ya pini 24. Zitazame kwenye mwanga. Pini njema inang'aa. Mbaya ina rangi ya kijani, weupe kama unga wa chumvi, au plastiki iliyoungua rangi ya kahawa.

Piga brashi kavu kuondoa vumbi, kisha alkoholi kidogo, chomeka na kuchomoa mara tatu nne, acha ikauke dakika 15. Ukirudisha, sikiliza: plagi inayokaa sawasawa hulia «tak» ulimi wake ukishika. Plagi iliyoungua haisafishiki, inabadilishwa.

## Hatua ya 4: Soma kibandiko cha pawa saplai

Tafuta ampea za 12V, zidisha kwa 12, kisha linganisha na wati zote zilizoandikwa.

Chukua pawa saplai yenye wati 550 na ampea 45 za 12V. 45 mara 12 ni 540. Karibu nguvu yake yote inaweza kutoka kwa 12V, na hiyo ni alama kubwa ya muundo wa DC-DC. Chukua nyingine ya wati 500 yenye ampea 30 za 12V. Hiyo ni 360 tu, chini ya robo tatu. Sehemu kubwa ya nguvu zake imetengewa 5V na 3.3V, mtindo wa zamani. Itilie shaka.

Kibandiko kikiwa na 12V1 na 12V2, usizijumlishe kichwa kichwa. Tumia jumla ya pamoja ya 12V iliyoandikwa chini yake, kwa sababu njia hizo mbili karibu kila mara ni chanzo kimoja kilichogawanywa kwa kinga tu.

Nembo ya 80 PLUS, ile ya ufanisi wa umeme yenye ngazi kama Bronze na Gold, usiipe uzito isiokuwa nao. Vipimo vyake vya kawaida huchukuliwa kwenye mzigo wa asilimia 20, 50 na 100, basi ya Bronze inaweza kuwa na udhibiti wa pamoja ule ule wa zamani. Za Gold kwa kawaida ni DC-DC. Kibandiko ni cha kukupa mwelekeo. Ushahidi unakuja mbele.

## Hatua ya 5: Mnyime prosesa usingizi mzito

Ingia BIOS, mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Kwenye bodi nyingi za Intel utapita «Advanced», «CPU Configuration», kisha «CPU Power Management». Majina hutofautiana, lakini unatafuta «CPU C States», «C6/C7 State Support» au «Package C State Limit». Zima C6 na C7. Acha C1E, aina ya C1, kama ilivyo. Hifadhi, washa.

Usiache kwenye «Auto» ukadhani umezima, wala umewasha. Baadhi ya watengenezaji wa bodi walizima C6 na C7 kwenye «Auto» kuepuka malalamiko haya haya, wengine waliziwasha. Chagua neno lenye maana moja: «Disabled» au «Enabled».

Kosa linalorudiwa sana ni kwenda kwenye mpangilio wa umeme wa Windows na kuweka «Minimum processor state» asilimia 100. Huo unazuia prosesa kupunguza kasi. Hauizuii kulala. Utakaa siku nzima ukipima kitu ambacho hukukibadilisha.

Kwa wanaotumia Ubuntu na jamaa zake wa Linux, BIOS ikiwa haina kipengele hicho, fungua /etc/default/grub, ongeza `intel_idle.max_cstate=1` ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, endesha `sudo update-grub`, kisha uwashe upya. Hakikisha kwa `cpupower idle-info`: C6 na C7 zisiwepo tena kwenye orodha.

Sasa iache kompyuta imetulia, kioo kikiwaka, kwa muda mara mbili ya ule iliokuwa ikizimikia. Ilikuwa inakufa ndani ya nusu saa? Ipe saa nzima. Ikivuka, rudisha C6 na C7 uone kama inakufa tena. Bila kurudisha hujathibitisha kitu, umebahatisha.

Wenye Ryzen, prosesa za AMD. Kwenu njia ni fupi. Tafuta «Power Supply Idle Control», mara nyingi ndani ya «AMD CBS», na uchague «Typical Current Idle» badala ya «Auto» au «Low Current Idle». Kuganda bila kazi kuliwasumbua sana wenye Ryzen za kizazi cha kwanza, na kipengele hiki kinazuia mzigo kushuka chini mno. Ikitulia baada ya hapo, pawa saplai ndiyo mshukiwa wa kwanza, na hatua zifuatazo zinakuhusu.

## Hatua ya 6: Pima 12V na 5V kompyuta ikiwa imelala

Usitegemee volti zinazoonyeshwa ndani ya BIOS. Ukiwa BIOS prosesa iko macho, na vipimo vya bodi si vya kuaminika kwa sehemu ya kumi ya volti.

Rudisha C6 na C7 kwenye «Enabled». Kwenye Windows, zuia kompyuta nzima isilale: weka «Never» kwa «Sleep». Ukiwa na diski ya kuzunguka ambayo si ya mfumo, ichomoe. Washa, subiri dakika 5 Windows imalize shughuli zake.

Chukua plagi ya Molex iliyo wazi. Ina matundu manne: la waya wa manjano, mawili ya nyaya nyeusi katikati, na la waya mwekundu. Weka multimita kwenye 20V DC. Ncha nyeusi iingie tundu la waya mweusi, ncha nyekundu kwenye manjano. Soma, andika. Hamisha ncha nyekundu kwenda kwa waya mwekundu. Soma, andika. Ncha hizo zisigusane hata kidogo, na zisiunganishe manjano na nyekundu. Zifunge utepe, ubakishe milimita chache tu za chuma.

Mipaka ya ATX ni asilimia 5 juu na chini:

- 12V: kati ya 11.40 na 12.60
- 5V: kati ya 4.75 na 5.25
- 3.3V (waya wa chungwa kwenye plagi ya pini 24): kati ya 3.14 na 3.47

Pima mara tatu. Kwanza ukiipa prosesa kazi. Pili ikiwa imetulia. Tatu ikiwa imetulia na simu mbili zinachajiwa kwenye USB. Unachotafuta ni mwendo wa namba, kuliko namba yenyewe. Mfano: kazini 12V inasoma 12.05 na 5V inasoma 5.03. Ikitulia, 12V inapanda 12.45 na 5V inashuka 4.93. Ukichomeka simu, 12V inagonga 12.70 na 5V iko 4.82. Manjano inapaa, nyekundu inazama. Hiyo ndiyo saini ya udhibiti wa pamoja, na 12.70 tayari iko nje ya mpaka.

Pawa saplai njema haionyeshi mchezo huo. Namba zake husogea sehemu ndogo za volti, na hazikimbii pande mbili tofauti.

Multimita ya kawaida ni nzito wa kuona. Mruko wa milisekunde chache hauuoni, hata ukitumia MIN/MAX. Kwa hiyo vipimo vizuri havimwachilii mshukiwa huru. Nenda hatua ya saba.

## Hatua ya 7: Jaribio la taa ya gari

Hapa ndipo kesi inapoamuliwa, kwa kifaa cha bei ya mandazi machache.

Taa ya 12V 5W huvuta ampea 0.42. Mbili huvuta 0.83, zaidi ya ile 0.5 ambayo pawa saplai za zamani ziliahidiwa. Unairudishia pawa saplai mzigo ulioibwa na usingizi wa prosesa, bila kugusa kitu kingine chochote.

Kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa, unga waya mmoja wa kila soketi ya taa kwenye waya wa manjano wa kile kipande cha Molex, na wa pili kwenye mweusi. Waya mwekundu ukate, uufunge utepe, usiuache unaning'inia. Kila kiungo kifungwe utepe. Weka taa juu ya kipande cha kigae au kisahani, mbali na nyaya, plastiki na mikono ya watoto. Taa hizi ni ndogo lakini zinaunguza.

Chomeka, washa. Taa zinawaka pamoja na kompyuta. Weka hali ile mbaya kabisa: C6 na C7 wazi, diski ya kuzunguka nje, simu mbili zinachaji, hakuna anayegusa kibodi. Ngoja. Kisha rudia bila taa.

Ikikaa hai na taa na kufa bila taa, umemaliza. Pawa saplai haiwezi mzigo mdogo. Pima tena 12V taa zikiwaka, utaona imeshuka na 5V imepanda, zote zikirudi katikati.

Ikifa hata taa zikiwaka, na ikafa pia C6 na C7 zikiwa zimezimwa, basi si ugonjwa huu. Geukia RAM, kapasita zilizovimba kwenye ubao mama, na sehemu ya bodi inayolisha prosesa.

Usiziache taa humo kuwa dawa ya kudumu. Ni joto na hatari ya moto ndani ya sanduku.

## Hatua ya 8: Chagua dawa

Bila kununua. Acha C6 na C7 zimezimwa. Utapoteza wati chache wakati kompyuta imetulia, na basi. Kwa kompyuta moja ya nyumbani ni dawa ya heshima. Kwa saiba yenye mashine 15 zinazowaka kutwa, wati chache mara 15 ni pesa kwenye tokeni.

Mzigo wa kudumu. Rudisha diski ya kuzunguka kama hifadhi ya pili, uzuie isisimamishwe: «Turn off hard disk after» iwe «Never». Feni mbili za 12V husaidia pia, kila moja ikivuta ampea 0.1 hadi 0.3 kwa kawaida, na kwa joto la Mombasa hazipotei bure. Hii ni dawa ya kusogeza siku, haiponyi.

Pawa saplai inayofaa. Kwa kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya michoro, wati 300 hadi 400 za DC-DC zinatosha kabisa na zitazishinda wati 600 za muundo wa zamani. Ukizunguka maduka ya Moi Avenue au Digo Road hapa Mombasa, usiulize «ya wati ngapi» kwanza. Sema: «Kaka, nionyeshe kibandiko cha pembeni kabla hujaifunga.» Fanya hesabu ya hatua ya nne papo hapo. Kisha ukiwa na simu, fungua ukurasa wa mtengenezaji utafute mojawapo ya haya: maneno DC-DC, tamko la kukubali C6 na C7 za Haswell, au jedwali la mzigo wa chini kabisa lenye ampea 0 au 0.05 kwa 12V. Hakuna hata moja? Iache rafuni.

Sanduku jepesi mno lisilo na jina la mtengenezaji wala modeli unayoweza kuitafuta, hata likiandikwa wati 700, usilitie kwenye kompyuta yenye kazi za watu.

Kompyuta za mtumba za kampuni. Miongoni mwake ni Dell OptiPlex 3020, 7020 (ile ya mwaka 2014) na 9020, au HP ProDesk 600 G1 na EliteDesk 800 G1, na hizo zote zina Haswell. Pawa saplai zake si za ATX. Dell hizo zina plagi kuu ya pini 8, HP hizo ya pini 6, na umeme wa diski hutoka kwenye ubao mama. Pawa saplai yake ya asili haina 5V kubwa ya kuvutana na 12V, hivyo ikizimika ovyo shuku uzee wa kapasita au plagi, si muundo. Ukiiondoa na kutia ya ATX kwa adapta, 5V ya ATX inabaki tupu kabisa, na umejitengenezea mvutano mwingine wa upande wa pili. Kwa mashine hizi nunua ya asili yenye namba ile ile ya sehemu. Hata adapta, usichomeke isiyotengenezwa kwa modeli hiyo: mpangilio wa pini ni mwingine, na njia yake ya kusubiri, ile inayobaki na umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa, si ile 5V ya ATX.

## Ikiwa shida ni kutoamka, si kuzimika

Hapa watu huchanganya mambo. Ukibonyeza «Sleep», kompyuta ya mezani kwa kawaida huingia S3, usingizi wa kompyuta nzima: njia kubwa zote huzimwa, na RAM hushikiliwa na 5V ya kusubiri pekee, waya wa zambarau. C6 na C7 hazihusiki.

Pima zambarau kwa nyeusi kompyuta ikiwa imelala: 4.75 hadi 5.25. Ikiwa chini, chomoa vyote vya USB upime tena, maana simu inayochaji usiku inakula humo humo. Ikirudi sawa, acha kuchajia simu kompyuta ikiwa usingizini. Isiporudi, njia hiyo imechoka na pawa saplai inabadilishwa. Ikiwa volti ni nzuri ila feni zinazunguka na kioo hakiji, angalia waya wa kijivu: huo hutoa ishara kwamba volti zimetulia, na unatakiwa ufike kwenye 5V kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya njia nyingine kutulia. Multimita haipimi muda huo. Inakuonyesha tu kama ishara inafika au haifiki.

## Hatua ya 9: Jaribio la mwisho kabla ya kumrudishia mwenyewe

Weka pawa saplai mpya, C6 na C7 kwenye «Enabled», SSD pekee, simu mbili zinachaji, «Sleep» ikiwa «Never». Kwanza thibitisha kwamba prosesa inalala kweli: HWiNFO kwenye Windows huonyesha asilimia ya muda iliokaa ndani ya C6 na C7, na kwenye Linux tumia powertop, ukurasa wa «Idle stats». Ikiwa namba ni sufuri, jaribio lako halina maana. Rudi BIOS.

Iache saa 8, usiku mmoja. Asubuhi hakikisha hakuna tukio jipya la 41, kisha pima 12V na 5V kabla ya kugusa panya.

Andika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa pawa saplai: tarehe, volti za 12V na 5V zikiwa zimetulia, na «C6/C7 wazi» au «C6/C7 zimezimwa». Fundi atakayefuata ataanzia hapo. Na kabla ya kufunga sanduku, pima betri ya CR2032 ya ubao mama. Ikiwa chini ya 2.8V, weka mpya. Betri ikifa na stima ikikatika, BIOS huenda ikarudi kwenye «Auto», na kama dawa uliyochagua ni ya kuzima C6 na C7, kompyuta huenda ikaanza kuzimika tena siku hiyo hiyo.